Nilimzaa Mmoja

Usiku ule mke wangu alikuwa ameshachomeka pasi. Mdogo wangu alipiga magoti kwenye mkeka sebuleni kwetu Nyasho, mjini Musoma, na katikati yao, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, kililala cheti chake cha shahada kutoka Kampala kikiwa ndani ya leminesheni. Walikuwa wamepanga kuipasha moto plastiki mpaka ilegee, kisha waivue taratibu, kama mtu anavyoengua utando wa maziwa.

“Wifi, usikandamize.”

“Sikandamizi, wifi. Nagusa tu.”

Pembe ya kwanza ilikubali. Ya pili nayo ikakubali. Ya tatu ndiyo iliyobeba saini ya mkuu wa chuo na mhuri wa kubonyezwa, ule ambao ukipitisha kidole unausikia. Plastiki ilinyanyuka pamoja na karatasi. Mlio wake ulikuwa mdogo sana, lakini sote watatu tuliusikia. Saini ikaenda na plastiki, na pale ilipokuwa pakabaki doa jeupe, lenye nyuzinyuzi, lisilozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Mdogo wangu hakulia. Alikaa chini, akaushika mkono wa wifi yake uliokuwa unatetemeka, akachomoa pasi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa maombi ya kazi yafungwe. Tangazo la Sekretarieti ya Ajira lilitaka Mtakwimu Daraja la II, na yeye takwimu ndiyo aliyoisomea miaka mitatu Kampala. Kila tangazo la namna hiyo lina sharti ambalo aliyesoma nje hulisoma mara mbili: vyeti vyake viwe vimehakikiwa na kutambuliwa na mamlaka husika. Cheti cha sekondari kinapelekwa Baraza la Mitihani, NECTA. Stashahada inakwenda NACTVET. Shahada inakwenda Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mchana wa siku ile rafiki yake aliyesoma naye alikuwa amempigia simu kumwonya kwamba cheti chenye leminesheni hakigongwi mhuri nyuma. Wino haushiki kwenye plastiki, na mhuri wa kubonyezwa ukipita kwenye moto wa mashine unalala. Hofu ile ndiyo iliyochomeka pasi. Tungelala kwanza, tukauliza asubuhi, tungeambiwa tusikiguse.

Mke wangu alijilaumu kwa wiki nzima, na mimi nilimwambia, na leo narudia, kwamba kosa halikuanzia kwake. Lilianzia Butiama kwa mama, na mama naye alikuwa na sababu.

Mama ni mkulima. Nyumba yake ina bati na sakafu ya saruji, lakini mchwa wa kule wanapanda ukutani. Mwaka mmoja walikula kadi ya kliniki ya mdogo wangu, cheti cha ubatizo cha marehemu baba, na nusu ya karatasi za shamba, vyote vikiwa kwenye mfuko mmoja uliotundikwa kwenye msumari. Tangu hapo mama haiamini karatasi iliyo wazi. Cheti kilipofika kutoka Kampala alikihamisha siku tatu: chini ya godoro, kwenye sanduku la bati, juu ya kabati. Siku ya nne akauza madebe mawili ya mahindi, akakifunga ndani ya kitenge, akapanda gari kwenda Bunda, ambako yuko mama mkubwa, dada yake. Huko akapelekwa kwenye steshenari yenye mashine.

“Nilisimama pale pale mpaka kikatoka,” alituambia siku ile kwa furaha. “Kilikuwa cha moto kama mkate.”

Akakitundika kwenye ukuta wenye picha ya Mwalimu Nyerere. Kilikaa pale miaka miwili, na kila mgeni aliyeingia alisimamishwa mbele yake kabla ya kupewa kiti.

Kazi ya kumpigia mama simu baada ya pasi ilikuwa yangu. Alinyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, “Baba, mimi nilikuwa nakilinda.”

Niseme wazi kwamba sina ugomvi na uhakiki. Tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya watumishi wa umma waliokutwa na vyeti vya kughushi, na hesabu ilikuwa 9,932. Nchi iliyohesabu watu wengi kiasi hicho ina haki ya kuuliza kila karatasi imetoka wapi. Tena TCU, iliyoanzishwa mwaka 2005, haiangalii karatasi peke yake. Inaangalia kama chuo kinatambuliwa na mamlaka ya nchi yake, ambayo kwa Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na mwanafunzi aliingia chuoni kwa sifa zipi, na masomo yalichukua muda gani. Ndiyo maana cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na transkripti vinasimama pamoja na shahada. Kimoja kikipingana na vingine, vyote vinakwama.

Na vya kwetu vilipingana. Tulipovipanga mezani ili tujue tunaanzia wapi, mke wangu ndiye aliyeona. Kwenye vyeti vya NECTA jina la babu lilikuwa na s moja. Kwenye pasipoti, na kwa hiyo kwenye shahada, lilikuwa na mbili. Majina yetu ya Mara yana tabia hiyo: Magesa wa kijijini anakuwa Magessa mjini, Wambura wa kanisani anaandikwa Wambula shuleni, kwa kuwa aliyetamka alikuwa bibi na aliyeandika alikuwa mwalimu mgeni. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kilitafutwa akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, kwa ajili ya pasipoti, na baba akaliandika jina kama alivyolizoea yeye, kwa s mbili. Hakuna aliyedanganya. Lakini mtu wa ofisini asiyetujua ataona watu wawili.

Wakili mjini Musoma alisema tufanye hati ya kiapo, na hati ya majina isajiliwe, ili s moja na s mbili ziwe za mtu mmoja kisheria. Mama alikuja kutoka Butiama na gari la asubuhi. Alivaa kitenge cha kanisani. Wakili alimsomea maelezo kwa Kiswahili polepole, kisha akamuuliza, kwa utaratibu wa kazi yake, kama majina haya mawili ni ya mtoto mmoja.

“Nilimzaa mmoja,” mama akasema.

Akatia dole gumba. Anajua kuandika jina lake, lakini siku ile mkono haukutulia.

Nilimrudisha mwenyewe. Njia inatoka Musoma mpaka Makutano, pale barabara ya Sirari na ya Mwanza zinapoachana, kisha unaingia upande wa Butiama, na kote huko nilikuwa namfikiria Mwalimu aliyelala pale kwenye kaburi lake, jirani na makumbusho. Aliingia shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, mwaka 1934, akiitwa Kambarage. Jina la Julius alilipata kwenye ubatizo mwaka 1943, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere. Alipohitimu shahada ya M.A. Edinburgh mwaka 1952, jina alilojulikana nalo halikuwa lile aliloandikishwa nalo utotoni. Mtoto wa Butiama mwenye majina yanayobadilika njiani si jambo la jana, na angeishi leo naye angehitaji mzazi wa kumwapia.

Kuna lingine lililoniuma zaidi. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kimoja, chenye Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ndani yake, na mkuu wake alikuwa Mwalimu mwenyewe. Aliyehitimu Kampala na aliyehitimu Dar walipewa shahada ya chuo kimoja. Leo Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia nchi zetu kutambuliana vyeti, na Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya nzima kuwa eneo moja la elimu ya juu. Kwa maoni yangu, shahada ya chuo kilichosajiliwa Uganda ingepaswa kuvuka kwa mamlaka kuulizana zenyewe, ofisi kwa ofisi, ndani ya siku chache. Uhakiki ubaki. Mzigo wa kuubeba usiwe juu ya kichwa cha mama mwenye madebe mawili ya mahindi.

Kuhusu cheti kilichochanika sina mengi. Mdogo wangu alikwenda Kampala kwa basi, kupitia Sirari, Kisumu na Busia, akiwa na vipande vyote, saini ikiwa bado imenata kwenye plastiki yake. Chuo kilipokea vipande, kikapokea ada na kiapo kingine, kikamwambia asubiri. Alisubiri karibu miezi mitatu. Nafasi ya Mtakwimu ilikwisha kujazwa. Alirudi na cheti mbadala na bahasha mbili za transkripti zilizofungwa, kila moja ikiwa na mhuri uliogongwa juu ya mdomo wake, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye mwili wa bahasha. Moja alikuwa ameambiwa aifungue, kwa ajili ya TCU. Ya pili ilikuwa ya Kanada.

Maana wakati tunasubiri, shemeji, mumewe, alikuwa ameanza kuzungumza habari za Kanada, na tusimlaumu. Nafasi moja ikipotea mtu hutazama mbali. Tangu Mei 2013, anayeomba uhamiaji wa wenye ujuzi kwenda Kanada kwa shahada ya nje lazima apate tathmini kutoka shirika lililoteuliwa, inayosema shahada ile ni sawa na ipi ya kwao. Ripoti ile inadumu miaka mitano, na haimpi mtu ruhusa ya kazi yoyote, inampa alama tu. Linalowasumbua watu wengi ni njia ya karatasi. Transkripti inatakiwa itoke chuoni ikiwa imefungwa, na ifike imefungwa. Bahasha iliyofunguliwa haina tofauti na karatasi ya kawaida.

Mdogo wangu aliondoka Musoma kwenda Mwanza kuituma. Njiani akashuka Bunda kumsalimia baba mdogo, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyemlipia ada ya muhula wa kwanza baba alipofariki. Haiwezekani kupita Bunda bila kushuka kwake. Alipokelewa kwa ugali na sato, akapewa maji ya kuoga kwa kuwa njia ilikuwa na vumbi. Alipotoka bafuni alikuta jamaa wote wamekaa ukumbini, baba mdogo amesimama, miwani puani, anasoma kwa sauti.

“Takwimu na Uwezekano, A. Hisabati ya Juu, B. Utafiti, A.” Kila somo akilitaja, mama mkubwa alipiga vigelegele. Kisha baba mdogo akaiweka karatasi mezani, akaifunika kwa viganja viwili, akaomba. Alimwombea marehemu kaka yake, kwamba huko aliko aone matunda. Bahasha ilikuwa kando, imefunguliwa vizuri kwa kisu cha mezani, na mhuri umekatika katikati.

Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alisimama mlangoni na taulo begani, akaamua kutosema neno mpaka maombi yaishe. Alisema “Amina” pamoja nao. Na hata yalipoisha hakumwambia baba mdogo kilichotokea. Alimshukuru, akaenda stendi, na badala ya gari la Mwanza akapanda la Musoma. Nilimkuta amekaa kibarazani kwetu saa mbili usiku, karatasi iko kwenye mapaja.

“Kaka,” aliniambia, “kwenye nyumba ile hakuna aliyewahi kuisikia ikisomwa mpaka leo.”

Tuliandika upya kwa chuo, tukalipa upya, na safari hii tukaomba waitume wenyewe moja kwa moja. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Anayeanza safari hii leo asiipitishe bahasha mkononi mwake kama chuo kinaweza kuituma. Aweke vyeti vyote mezani kwanza, asome majina herufi kwa herufi, ayarekebishe kabla tangazo la kazi halijatoka, maana wiki mbili hazitoshi. Na awaambie wazee wake mapema, kwa upole na kwa maelezo, karatasi ipi haiguswi. Sisi hatukuwaambia. Tulidhani wanajua.

Barua ya TCU ya kuitambua shahada ilikuja wakati wa mvua. Majibu ya Kanada bado. Shemeji anayafuatilia, mdogo wangu anafundisha hisabati kwa muda katika shule binafsi, na ameomba nafasi mbili mpya za serikali kwa barua ile. Jumapili iliyopita tulikuwa Butiama sote. Mama aliuliza kama barua nayo inaruhusiwa kutundikwa, na mdogo wangu akamtolea kwenye begi nakala za rangi za cheti na za barua, zote mbili zikiwa zimetiwa leminesheni. Mama alizishika kwenye mwanga wa dirisha, akazipangusa kwa upindo wa kitenge, akazitundika chini ya picha ya Mwalimu. Vile halisi viko kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku la bati, na sanduku limewekwa juu ya matofali manne, mbali na ukuta.