Jumamosi Saa Kumi Nilikuwa Wapi?

Kikao cha harusi ya shemeji yangu kilipangwa Jumamosi, saa kumi alasiri, na mweka hazina ni mimi. Saa kumi hiyo nilikuwa kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi katikati ya vijana wawili wenye viwiko kama visu, natazama mpira. Simu nilikuwa nimeizima. Nilipoiwasha nikakuta nimepigiwa mara kumi na saba.

Sikutetereka. Mtu aliyetazama filamu ya Drishyam mara tano hababaishwi na kikao.

Kwa asiyeiona: Vijay Salgaonkar ana biashara ya televisheni ya kebo huko Goa. Shule aliishia darasa la nne. Mengine yote amefundishwa na filamu. Usiku wa tarehe 2 Oktoba jambo zito linatokea nyumbani kwake, na sitasema lipi. Kisha anaichukua familia hadi Panaji: wanasikiliza mahubiri, wanalala hotelini, wanaona filamu, wanakula. Baadaye anawarudia watu wale wale, na katika maongezi ya kawaida anawapandikizia kichwani kwamba siku ile ilikuwa tarehe 2. Polisi wakija, mashahidi wanaapa kwa roho safi. Safari ni ya kweli. Tarehe ndiyo ya uongo.

Jumapili asubuhi nikaingia mtaani kupandikiza.

"Fundi, jana saa kumi nilipopita hapa, ulisema suruali yangu itakuwa tayari lini?"

"Jana nilikuwa msibani," akajibu fundi cherehani. "Sikufungua."

Muuza kahawa alikuwa na afadhali. Alikuna kichwa, akatazama juu, akasema: "Jana saa kumi? Ehe! Basi vile vikombe vitatu hujalipa."

Nikarudi nyumbani na shahidi mmoja na deni moja. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kimya, bila kupepesa jicho. Kisha akauliza: "Mume wangu, Drishyam umeitazama ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Kwetu sisi filamu yoyote yenye Mhindi ni ya Kihindi. Kumbe ile yangu ya mwaka 2015, ya Ajay Devgn, ni ya kurudia. Ya asili ilitengenezwa kwa Kimalayalam huko Kerala mwaka 2013 na Jeethu Joseph, na Mohanlal ndiye mhusika mkuu, jina lake Georgekutty. Kabla ya hiyo yangu ilisharudiwa kwa Kikannada, Kitelugu na Kitamil. Baadaye wakairudia Wasinhala wa Sri Lanka, na hata Wachina.

"Ungemtazama Mohanlal ungejifunza kudanganya," mke wangu akasema. "Huyo Devgn amekufundisha kukunja uso tu. Tangu umeingia umekunja."

Adhabu yangu ikawa kuitazama ya asili, usiku uleule, huku nakaanga samaki. Mohanlal akatokea na kitambi chake, kafunga mundu, shuka jeupe kiunoni kama msuli wa babu zetu. Saa nzima anabishana na mkewe kuhusu matumizi. Nikalalamika kwamba hakuna kinachotokea. Kilichotokea ni samaki kuungua, maana tafsiri ya maandishi haimsubiri mpishi.

Lakini polisi walipoanza kumpiga, nikaacha mwiko. Devgn alishakuwa inspekta katika Singham mwaka 2011, anarusha majambazi kama magunia. Akizabwa kibao na polisi, unasubiri arudishe. Mohanlal akizabwa, unashika shavu lako mwenyewe. Ni mwenye duka wa mtaani kwenu, na ukimwona hivyo ndipo unaogopa kweli.

"Na hiyo Singham nayo ni ya kurudia," mke wangu akaongeza bila kuulizwa. "Ya asili ni ya Kitamil."

Sehemu moja tu alikubali nimeshinda: Tabu, mkuu wa polisi katika ile ya Kihindi. Macho yale yakikutazama, unakiri hata kosa la jirani.

Nikabaki nasubiri maneno niyapendayo kuliko yote, pale shujaa anapomwambia askari: "Afande, hata unichemshe na ndimu, nilikuwa Panaji!" Hayakuja. Nikapiga kelele kwamba Kerala hawana maneno matamu. Mke wangu akaweka ile ya Kihindi. Nako hayamo.

Ndipo nikakumbuka. Mara ya kwanza niliionea kibanda umiza, mtafsiri anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Yale maneno ni yake. Miaka yote nimeitetea filamu ambayo nusu yake ilitungwa na mtu wa kipaza sauti, nami ningeapa mahakamani kwamba niliyasikia kwa Devgn. Vijay alihitaji safari nzima kuwachanganya mashahidi. Mimi nilichanganywa kwa kiingilio tu.

Jumamosi iliyofuata niliwahi kikao. Nikiwa nasoma hesabu, muuza kahawa akapita na birika lake, akanidai mbele ya wakwe.

"Una hakika alikuja?" mke wangu akamuuliza.

"Mama, naapa! Jumamosi, saa kumi kamili, kavaa shati la bluu, anakunywa anapuliza."

Nikamlipa vikombe vyake vitatu. Shati la bluu sina.