Mjomba wa Watu

Waingereza wana msemo wa kufungia maelezo: fanya hiki, fanya kile, basi, Bob ni mjomba wako. Maana yake kazi imekwisha, tena kiulaini. Mkenya akiusikia juujuu atadhani zinatajwa shilingi. Mimi mtu wa Unguja nilidhani anatajwa fundi.

Boila ya nyumba ninayopanga Leicester iligoma usiku wa baridi kali. Mwenye nyumba akanielekeza kwa simu: fungua koki ya chini, ngoja mshale wa presha ufike moja na nusu, funga, Bob ni mjomba wako. Mshale ukapanda vizuri, hauna wasiwasi. Nilipotaka kufunga, kishikio cha koki kikanibaki mkononi. Mbili. Mbili na nusu. Kwenye tatu maji yakajitafutia njia kwa bomba la usalama linalotokeza ukutani, yakaiosha baiskeli ya jirani mpaka kengele. Nikampigia tena mzee. Ah, akasema, hicho kishikio huwa kinachomoka. Safari hii Bob hakutajwa.

Nikajifunika mablanketi nikamsaka huyo Bob. Bob ni kifupi cha Robert, na wengi humtaja Robert Cecil, yaani Lord Salisbury, Waziri Mkuu aliyemkabidhi Arthur Balfour mambo ya Ireland mwaka 1887. Balfour alikuwa na miaka 38, mtu wa vitabu vya falsafa, na mamake ni dada wa Robert. Mjomba wa damu basi, si wa heshima. Mwaka 1902 mjomba akastaafu, na uwaziri mkuu akauchukua nani? Mpwa.

Wenye shaka husema msemo huu hauonekani katika maandishi mpaka miaka ya 1920, Lord mwenyewe akiwa kaburini tangu 1903. Kweli, umbea gani huo unaochelewa hivyo? Lakini mimi nimeshaegemea kwa Balfour. Maelezo yanayoishia kwa Bob huruka hatua moja, na ndiyo hiyo mjomba aliyokuwa akimfanyia mpwawe.

Halafu Salisbury huyuhuyu ndiye aliyeelewana na Wajerumani mwaka 1890: wao wachukue Heligoland, kijisiwa cha mwamba huko Bahari ya Kaskazini, Uingereza iiweke Zanzibar chini ya himaya yake. Kumbe mjomba tulikuwa naye siku zote!

Nilimsimulia mwenye nyumba hayo yote alipokuja na kishikio kipya. Akasema wajomba zake walikuwa mafundi bomba watupu, na hapana hata mmoja aliyeitwa Bob.