Kila Mtu Anadaiwa Nne

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasikia panya. Nyumba imetulia, yeye yuko chumba cha pili, anasikia kitu kinatafuna mbao chumbani kwetu: krrr, kimya, krrr. Asubuhi akamtuma mtoto sokoni akanunue sumu. Ikabidi nimwite, niwashe mashine mbele yake na kubonyeza kitufe cha kusogeza mstari. Krrr.

"Kumbe panya wako anasoma," akasema. Sumu akaipandisha darini, kwa ajili ya wale wasiosoma.

Mashine yenyewe ni Orbit Reader 20. Kaka yangu aliipata Kigali, imeshatumika. Inaingia mkobani na uzito wake ni kama nusu kilo. Ina vitufe vya kuandikia nukta nundu, na upande unaonielekea kuna mstari mmoja wa seli 20, ambamo vipini vidogo hupanda na kushuka kuunda herufi. Kila mstari unapobadilika, vipini hupangwa upya, na hapo ndipo mlio unapotoka. Vyombo vya jamii hii viliuzwa kwa maelfu ya dola, mpaka mashirika ya wasioona ya nchi kadhaa yakaungana kutafuta cha bei ya chini. Kilipofika sokoni Marekani kiliuzwa chini ya dola 500. Hiyo ni nafuu ya Marekani. Hapa Rugerero, Rwanda, hizo ni mbuzi wengi.

Vidole vyangu viliipenda mara moja. Nundu zake hazibonyei. Zimesimama imara kama zilizochomwa kwenye karatasi, na mstari ukiisha hakuna ukurasa wa kufunua. Kilichonikera ni ufupi. Andika "mwenyekiti wa kimina" na mstari umejaa, kabla hujasema mwenyekiti kafanya nini. Na haitamki neno. Mtu aliyezoea simu inayomsomea ataiona bubu. Mimi ububu wake niliupenda, maana nyumbani kwetu wanaosema wanatosha.

Ni lazima niseme kwamba mimi ndiye katibu wa kimina, yaani kikundi cha kuchanga na kukopeshana, cha wanawake wa mtaani kwetu. Zamani niliandika kwa kibao na msumari, nikitoboa karatasi nzito kutoka kulia kwenda kushoto ili ikigeuzwa isomeke kushoto kwenda kulia. Mashine ya nukta nundu ya Perkins niliyojifunzia inakaribia kilo tano, nayo ilibaki shuleni. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulipofurika, mtaani kulikuwa na misiba mikubwa kuliko madaftari, na silinganishi. Lakini karatasi zangu zililowa, na nundu zikilowa hulala. Miaka ya michango ikawa laini kama kitambaa. Ndiyo sababu kaka alihangaika kuitafuta mashine hii.

Sasa Baba watoto. Ni mtu wa msaada, na msaada wake una gharama. Aliona si vizuri wanawake wasubiri nisome deni moja moja, wakati hesabu zote zimo ndani ya memori kadi ya mashine. Akaichomoa bila kuniambia, akaipeleka kwenye duka la kuchapa karatasi, akarudi na nakala kumi na mbili zimebanwa pini. Jumapili, kimina kimekutana kwetu na chai imeshamiminwa, akazigawa.

Kimya. Kisha wifi yangu akauliza, "Kaka, hii 'bjjj4' ni mimi?"

Nukta nundu haina tarakimu zake peke yake. Herufi a mpaka j ndizo zinazokuwa 1 mpaka 0, zikitanguliwa na alama ya namba. Kompyuta isiyoambiwa hivyo inachapa kila umbo la nukta kwa alama ya kibodi iliyopangiwa tangu zamani huko Marekani: alama ya namba inatoka #, alama ya herufi kubwa inatoka mkato, na nukta ya mwisho wa sentensi, kwa bahati mbaya yetu, inatoka 4. Niliandika "Wifi 2000." Karatasi ikasema ",wifi #bjjj4". Nami nimefundishwa kumaliza kila mstari kwa nukta.

Baba watoto hakutaka kushindwa mbele ya wageni. Akatangaza kwamba hizo j tatu ni jumla, na jumla ni hiyo 4, yaani elfu nne. Kila mtu anadaiwa elfu nne.

Mama mmoja aliyekopa faranga 20,000 za mbegu za viazi akasimama papo hapo, akasifu usomi wa shemeji na kufungua pochi. Aliyebakiza 1,000 akaanza kupiga kelele. Mama mkwe, ambaye si mwanachama wala hadaiwi, alidai aonyeshwe nne yake.

Nikaomba memori kadi yangu. Nikairudisha mahali pake, nikaweka vidole kwenye mstari, nikasoma jina. Jina na maelezo ya mkopo vilimaliza seli zote 20, hivyo kiasi kilikuwa mstari wa pili. Nikabonyeza. Krrr. Sijawahi kusikia sebule yangu imetulia vile. "Elfu ishirini," nikasema, na pochi ikafungwa. Jina lingine, krrr, kiasi. Niliwasikia watu wakivuta pumzi katikati, na nakiri sikuharakisha kubonyeza.

Uamuzi wangu juu ya mashine: seli ni chache, mlio upo, na ikiharibika sijui fundi wa karibu. Hata hivyo naibakiza, na mkutano umekubali hesabu zisomwe humo tu. Kikao kijacho ni hapahapa kwangu. Mwenye deni aje na faranga, asije na karatasi ya Baba watoto.