Friji ya Shemeji

Ramadhani ilikuwa inakaribia shemeji alipomletea mama mkwe wake friji kwa mkokoteni. Mama huuza barafu na juisi ya ukwaju barazani kwetu Kisauni, na friji yake ilikuwa imekufa. Hii ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, nyeupe pe. Mlangoni ilikuwa bado na kibandiko chenye mishale ya rangi, na herufi A ikikaa kando ya mshale wa kijani. Shemeji alikigonga kwa kidole. "Mama, hii ni A. Daraja la kwanza." Mama akamwombea dua ndefu.

Kumi la kwanza halikwisha kabla ya tokeni za umeme kuanza kuyeyuka. Ukinunua leo, kesho kutwa mita inalia. Dada akailaumu pasi, ikafichwa. Mdogo wangu akanyang'anywa feni, akalala kwenye sakafu akitoka jasho. Glopu ya ukumbini ikafunguliwa. Nyumba nzima ilikaa kwa kushukiana, na friji ikiunguruma jikoni bila mtu kuigeukia.

Usiku mmoja uniti zikaisha tumelala. Wakati wa daku mama alikanyaga maji. Vifuko vya barafu vilikuwa vimelegea, na samaki changu aliowaweka kwa oda ya futari walikuwa wameanza kunuka. Mtaji wa wiki ulikwenda jalalani. Mama hakusema neno, na kimya chake kilituuma kuliko kelele.

Fundi alipokuja hakufungua kitu. Alikunja karatasi, akaibana kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikatoka yenyewe, kwa sababu mpira umekauka na haushiki. Akaweka kiganja mgongoni mwa friji. "Kompresa hii hailali, mama." Akatushauri tuzime kila kitu usiku, tuiache friji peke yake, tusome mita. Kutoka isha hadi alfajiri ilikuwa imekula uniti 1 na nusu. Kwa mwendo huo ni kama 4 kwa siku, zaidi ya 1,400 kwa mwaka. Kibandiko cha mlangoni, chini ya ile A, kiliandikwa 310.

Shemeji hakudanganywa na herufi ile. Ilikuwa kweli wakati wake. Lakini huko Ulaya friji za lebo hizo za zamani zilipimwa chumbani mwenye joto la nyuzi 25, na friji ikiwa mpya. Jikoni kwetu adhuhuri hakuna nyuzi 25. Isitoshe, Umoja wa Ulaya ulipandisha viwango vyake, na tangu Julai 2012 friji mpya ya daraja hilo la A la zamani haikuruhusiwa tena kuingia sokoni kwao. Ilitakiwa A+ au zaidi. Kinachokataliwa dukani kule kinasifiwa kwenye uwanja wa mitumba huku, na bili inalipwa na muuza ukwaju.

Ndiyo maana nazitetea sheria za viwango na lebo kwa moyo wote. Kenya tunazo: kanuni za mwaka 2016 zinataka friji, viyoyozi, taa za tyubu na mota za awamu tatu zisajiliwe na zibandikwe lebo ya nyota, moja hadi tano, na msimamizi leo ni EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Wapo wanaosema kanuni hizo zinamwongezea maskini bei. Waje wakae nasi mwezi mmoja wa tokeni. Bei ya friji hulipwa mara moja. Ulafi wake hulipwa kila siku, na mnunuzi hana namna ya kuuona kwa macho akiwa dukani. Ni lazima mwingine apime kabla yake. Ghana walikwenda mbali zaidi, wakapiga marufuku friji kuukuu kutoka nje, na mwaka 2013 wakaanza kuzikamata bandarini. Mimi ningeridhika kwanza kuwaona wakaguzi wakipita kwenye viwanja vya mitumba, kwa maana pale shemeji aliponunua sikuona nyota hata moja.

Jirani alitaka kuinunua ile friji. Mama alikataa. "Nimuuzie mwenzangu hasara nikijua?" Akampa fundi aitoe vipuri.

Zamu ya mama kwenye chama ilipofika alikwenda dukani na shemeji, akapita moja kwa moja kwenye lebo, akaanza na uniti za mwaka kabla ya kuuliza bei. Alirudi na friji ndogo ya nyota nne. Tuliipima vilevile, isha hadi alfajiri. Haikufika nusu uniti. Feni imerudi kwa mdogo wangu.

Sasa shemeji amekumbuka kwamba friza iliyo kwake na dada ilitoka uwanja uleule. Leo baada ya isha wanazima kila kitu, na mama ameshawapigia simu kuwaagiza waandike namba za mita kabla hawajalala.