Barua ya Wazi kwa TANROADS: Hongereni kwa Kumfikishia Nyamera Lami

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Pokea pongezi kutoka Mbuba, Ngara. Katika barabara ya Bugene–Kasulo–Kumunazi, yenye kilomita 128.5, kuna kipande cha kilomita 60 ambacho hotuba za bajeti zinakiita Bugene hadi Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Ni nadra mradi kumtaja mnufaika wake waziwazi hivyo. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi hiyo ya taifa mwaka 2019, na hadhi bila lami ni fedheha. Hofu yangu ni kwamba wenyeji wa humo, wanyama kama nyamera, hawajui taratibu. Binadamu mkimkuta ndani ya mita 30 kutoka katikati ya barabara humpigia X nyekundu ukutani, akaanza kufungasha. Nyamera hana ukuta. X yake itakuwa bampa la lori linalowahi mpaka wa Rusumo saa nane za usiku, na hakuna mthamini atakayempelekea fomu ya fidia.

Mtasema watu wa Karagwe wana kahawa na ndizi za kusafirisha, na mgonjwa hawezi kusubiri nyati avuke. Ni kweli, wala sijasema msijenge. Ila mashimo na vumbi vimekuwa vikifanya kazi ya askari wa wanyamapori bila mshahara wala posho, maana hakuna dereva anayekimbiza gari kwenye mashimo. Lami itawaachisha kazi askari hao kwa siku moja, na sijasikia nani anashika zamu yao. Mkijibu kwamba mabango yatawekwa, Mikumi yapo: barabara kuu iendayo Zambia inakatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, na bango lake limeorodhesha wanyama na faini zao kama menyu ya hoteli. Kuna ukomo wa mwendo, kuna matuta, na bado wanyama wanagongwa. Faini hudaiwa mnyama akiwa ameshakufa, tena kwa dereva aliyekamatwa. Aliyegonga usiku akatokomea hadaiwi hata senti.

Kwa Serengeti, tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi. Burigi-Chato haina misafara ya nyumbu ya kuvuta kamera za dunia, kwa hiyo huku tunategemea huruma ya mhandisi. Mfano anao: Bandipur, India, magari huzuiwa kupita hifadhini kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, tangu 2009, na gari la wagonjwa huruhusiwa. Mgonjwa wenu basi hana shida. Mwenye shida ni lori.

Naomba matuta, vivuko vya wanyama na geti la usiku viandikwe kwenye mkataba wa kipande kitakachopita ndani ya hifadhi, vikiwa na bei yake, kabla mkandarasi hajashusha greda. Funguo za geti wapewe TANAPA.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Mbuba

Nakala: TANAPA, NEMC