Kapteni Kabla ya Kuruka: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Urubani

Hongera. Shamba la babu limeuzwa, harambee imefanyika, na jina lako sasa limo kwenye daftari la chuo cha urubani pale Uwanja wa Wilson, Nairobi. Wapo watakaokuambia kwamba kilichobaki ni kujifunza kurusha ndege. Waache na mawazo yao. Kazi yako ni kuonekana rubani, na ukifuata maelekezo haya utaonekana rubani muda mrefu kabla hujapata leseni, na huenda bila kuipata kabisa.

Anza na mavazi: shati jeupe lililopigwa pasi, tai nyeusi, tepe mabegani. Kapteni huvaa tepe nne, wewe utapewa moja, basi unapopigwa picha geuza bega. Nunua miwani ya jua, ile ya kukata mng'ao. Ni kweli kwamba aina hiyo huweza kufifisha maandishi kwenye skrini za vyombo vya kisasa, lakini hukuinunua ili usome. Egemea bawa la Cessna ambayo hujawahi kuikagua, itupe picha mtandaoni, na wajomba wakianza kukuita "kapteni" itika. Shangazi akiuliza ni lini utampeleka Mombasa, mwambie Desemba. Usimwambie kwamba leseni ya rubani wa binafsi haimruhusu mtu kutoza nauli, na kwamba ya biashara inataka saa 200 angani, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa. Shangazi amechanga, ana haki ya kufurahi.

Sasa tuje kwenye fedha. Chuo hutoza kwa saa, na mita inayohesabu saa hizo haijali kama unaruka au umesimama foleni ukisubiri zamu ya njia ya kurukia. Maadamu injini inawaka, inahesabu. Kwa hiyo jifunze kila kitu injini ikinguruma. Orodha ya ukaguzi ifungue kwa mara ya kwanza ukiwa umeshajifunga mkanda. Swichi zitafute kwa kupapasa. Kuna wenzako wasio na haya ambao jioni huketi hosteli kwenye kiti cha plastiki, wakafumba macho, wakashika usukani usiokuwepo na kutamka kila hatua kuanzia kuwasha hadi kutua, bila kulipa hata shilingi. Wacheke. Wao watafanya mtihani wa leseni ya binafsi wakiwa wamezidi kidogo tu zile saa 40 za kima cha chini. Wewe utakuwa kwenye saa ya themanini, na kwa hesabu hiyo uzoefu wako utakuwa mara mbili ya wao.

Ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka ni matembezi. Izunguke mara moja, lipige gurudumu teke, kisha ingia. Petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine, na maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hutuama chini ya tangi. Ndiyo sababu kuna kikombe cha kuchotea kiasi kidogo na kukitazama kwenye mwanga. Usijichoshe. Maji yakiwemo, injini yenyewe itakujulisha, kwa kawaida ukiwa umeshaiacha njia na bado hujafika popote.

Chini ya bawa la kushoto kuna kibomba kidogo kinachopokea upepo na kukiambia kipima kasi mnaenda mbio kiasi gani. Nyigu hukipenda kwa kujenga. Hapa niruhusu niweke utani kando: Februari 1996 Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa, na wachunguzi walishuku kuwa mdudu wa aina hiyo ndiye aliyekiziba kibomba. Kifuniko chake ni kitambaa tu chenye utepe mwekundu. Haya, tuendelee na upuuzi wetu.

Jambo litakalokuletea sifa kuliko yote ni hewa ya Nairobi. Video nyingi utakazotazama usiku zimerekodiwa Florida, ambako uwanja unakaribia usawa wa bahari. Zifuate kama zilivyo. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Kwa mujibu wa vitabu, hewa ya kimo hicho ilipaswa kuwa na nyuzi 4 tu za joto. Mchana wa Februari ikifika nyuzi 25, kila nyuzi ya ziada huongeza takriban futi 120 katika hesabu, hata ndege inajikuta imo katika hewa ya futi 8,000 ilhali magurudumu yake hayajaondoka kwenye lami. Injini inavuta hewa haba, rafadha inakata hewa haba, na bawa nalo linaegemea hiyo hiyo haba. Cessna 152 ina nguvu farasi 110, yaani ilikuwa nazo siku ilipotoka kiwandani, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985.

Basi panga kipindi chako saa nane mchana. Jaza mafuta hadi juu, mkaribishe mwalimu mwenye mwili wake, kisha shangaa mbona uzio unakuja na ndege haijainuka. Wenzo mwekundu wa mchanganyiko usiuguse. Kwa kawaida, katika viwanja vilivyopita futi 3,000, rubani hupunguza petroli kidogo kabla ya kuondoka ili ilingane na hewa iliyopo. Wewe usukume wote hadi mwisho, kwa sababu yule Mmarekani wa kwenye video aliusukuma. Injini itakohoa, plagi zitajaa masizi, na utamlaumu fundi. Wakati wa kutua hewa hiyo hiyo inakudanganya upande wa pili: kipima kasi kinasoma maili 60 za bahari kwa saa, kumbe unapita juu ya ardhi kwa karibu 68. Ukiona ndege inakataa kusimama, mlaumu tena fundi.

Kuhusu redio, kanuni ni moja: bonyeza kitufe kwanza, kufikiri kutafuata. Anza na "aaa" ndefu. Jitambulishe, taja ulikotoka, unakokwenda, hali yako ya moyo, halafu usahau ulitaka nini. Masafa ya mnara wa kuongozea ndege ni mamoja na wote mko humo. Wako marubani wa watalii wanaorudi kutoka Maasai Mara, ndege za miraa zenye haraka zake, na madaktari wa Amref ambao wamekuwa wakiruka kuwafuata wagonjwa tangu 1957. Wewe unapoendelea na "aaa" yako hakuna mwingine anayeweza kuongea, na akijaribu wote mtasikika mlio tu. Ni jukwaa ambalo hutalipata kwingine kwa bei hiyo.

Mwongoza ndege akikupa maelekezo, jibu "roja". Njia gani utatumia, kipimo gani cha hewa uweke kwenye altimita, unaruhusiwa kuingia njiani au usubiri, yote "roja". Taratibu zinasema mambo hayo lazima uyarudie neno kwa neno, ili yeye asikie kama umekosea. Lakini ukiyarudia, atasikia kama umekosea! Kwa heshima yako, usimpe nafasi.

Ukiwa juu ya Mbuga ya Nairobi, mwalimu atavuta wenzo wa nguvu taratibu, injini ipoe, kisha akuulize kwa upole: "Injini imekufa. Unatua wapi?" Jibu linalotarajiwa ni kiwanja ulichokwisha kukichagua dakika moja kabla hajauliza, chenye upepo wa mbele na kisicho na nyaya. Wewe tazama kulia, tazama kushoto, vuta usukani ili ndege ibaki juu kwa nguvu ya matumaini, na kasi ishuke hadi king'ora kilie. Kisha chagua penye simba wachache.

Mwalimu mwenyewe usimwogope. Mara nyingi ni kijana aliyekuzidi miaka michache, anayekusanya saa zake kuelekea zile 1,500 za leseni ya juu kabisa. Kadiri unavyochelewa kuelewa, ndivyo daftari lake linavyonenepa. Mnasaidiana.

Mizunguko ya kutua ndiyo itakayokula fedha nyingi, basi ipe uzito wake. Unapokata kona ya mwisho kuelekea njia, ukiona umepitiliza, usikubali. Kaza kona kwa pedali, kisha inua pua kidogo ili usishuke. Hapo bawa la ndani huacha kubeba kabla ya lile la nje, ndege hujipindua, na kimo kilichobaki hakitoshi kurekebisha chochote. Walimu hulisema jambo hili kila wiki kwa sababu limeua marubani wengi kila mahali, lakini kusema kwao ni kazi wanayolipwa. Dawa yake ni ya kuchosha: ongeza nguvu, panda, zunguka, anza upya. Dakika chache tu. Lakini watu wa kilabu wanakutazama na chai mkononi, na wewe ni kapteni.

Ukigusa lami na ndege ikadunda, sukuma pua chini upesi. Itadunda tena zaidi, na mdundo wa tatu aghalabu hukutana na rafadha. Hapo chuo kitakuandalia bili isiyohusiana na mita ya saa.

Hali ya hewa ina msimu wake wa ujasiri. Julai, mawingu ya Nairobi hulala chini asubuhi nzima, na Vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake cha juu kinapita futi 8,000, huingia humo na kutulia. Mwanafunzi wa kawaida hukaa kantini akisubiri. Wewe una picha za kupiga huko Magadi, na njia fupi inapita hapo hapo vilimani. Ukiingia wingu bila mafunzo ya kuruka kwa vyombo, sikio la ndani litakuambia mko sawa huku ndege ikilalia ubavu. Liamini. Umelijua tangu utoto, vyombo umevijua juzi.

Mtu akikukosoa, mtajie Beryl Markham. Alikulia Njoro, akajifunzia kuruka hapa hapa Kenya, na Septemba 1936 akaivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, hadi mafuta yalipoacha kufika kwenye injini na ndege ikachomeka pua kwenye tope la Nova Scotia. Miaka ya kubeba posta na safari za porini zilizotangulia siku ile usiitaje. Wewe chukua sehemu ya tope.

Kuruka peke yako kutafika siku usiyoitarajia: mwalimu atafungua mlango na kushuka. Ndege iliyompunguza mtu mzima mmoja hupanda upesi kuliko ulivyozoea, na kiti cha kulia hakisemi. Ukirudi mzima utamwagiwa maji, na shati lako la picha litalowa. Hakuna mbinu ya kukwepa hilo.

Baada yake zipo safari za mbali, mojawapo ya kilomita 270 ukiwa peke yako na kusimama viwanja viwili tofauti, kisha mtahini wa mamlaka ya anga, mtu asiyefuatilia kurasa za picha. Ataketi kulia, hatasema kitu, na ataandika. Ukiwa umefuata mwongozo huu neno kwa neno, hatachukua muda wako mwingi. Chuo nacho hakitakusahau: utakuwa mteja wake mwaminifu kuliko wote, na mhasibu atakuamkia kwa jina la kwanza.