Mhasibu Aliyelisha Maji

Lita moja ya maji ina kilo moja. Mhasibu mmoja wa Segerea, Dar es Salaam, alilijua hilo tangu shule ya msingi, lakini hakulipigia hesabu mpaka fundi aluminiamu alipomletea tangi la samaki la sentimita 90 kwa 40 kwa 40, akalitua juu ya meza ya televisheni. Zidisha: lita 144. Ongeza vioo, mchanga na mawe, unazikaribia kilo 200, yaani mashemeji watatu wamepanda mezani na hawana mpango wa kushuka.

Meza haikuvunjika. Ilibonyea tu, kwa adabu. Upande wa dirishani maji yalifika ukingoni, upande wa mlangoni yakabaki chini kwa vidole viwili, na hakuna pima maji la dukani linalosema ukweli kuliko hilo. Tangi lililoinama huelemea upande mmoja, na silikoni ikichoka huachia usiku watu wamelala. Basi likamwagwa kwa mpira na ndoo, likahamishiwa kwenye stendi ya chuma iliyochomelewa pale pale mtaani. Zulia likaanikwa uani, na mke wa mhasibu akauliza kwa upole kama samaki wa kukaanga wasingetosha.

Yaliyofuata hayaonekani kwa macho, na ndiyo yanayowashinda wengi. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia mashavuni, na chakula kinachooza huongeza nyingine. Ziwani hupotelea kwenye maji mengi. Ndani ya kioo haina pa kwenda. Inahitaji bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa kazi hii kutoka kwenye udongo akiwa Zürich, mnamo 1890. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji wa samaki vilimsifu Nitrobacter kwa hatua ya pili, mpaka mwaka 1998 watafiti walipochunguza vinasaba katika matangi ya maji baridi wakamkuta Nitrospira ndiye aliyeko kazini. Mwaka 2015 ikabainika kuwa baadhi ya hao Nitrospira hufanya hatua zote mbili peke yao. Kusifiwa miaka yote kwa kazi ya mwenzako ni jambo lisilomshangaza mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini.

Shida ni kwamba bakteria hawa hawana haraka ya kuzaliana. Escherichia coli wa tumboni, hali ikimnyookea, hujigawa kila baada ya dakika 20. Hawa wa amonia huchukua nusu siku au zaidi. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla ya kuaminika, na muda wote huo bakteria hao lazima wale. Muuzaji wa samaki hasemi hivyo. Yeye husema, “Bosi, weka maji, weka samaki,” na mteja akirudi wiki inayofuata kununua wengine, hupokewa kwa furaha kuliko mara ya kwanza.

Mhasibu aliamua kulea bakteria kwanza. Kwa hilo hutumika amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, au kitu cha kuozeshwa majini. Amonia safi hakuipata, akaenda soko la samaki la Feri kununua kamba mmoja. Kununua kamba mmoja Feri si kazi ndogo.

“Huyo mmoja unampikia nani, kaka?” muuzaji alitaka kujua.

Kamba alifungwa ndani ya soksi nyembamba ya kike, akazamishwa pembeni ya chujio. Joto la Dar, ambalo bakteria wanalipenda na halidai hita wala umeme, likafanya kazi yake. Sebule ikanuka Feri yenyewe. Maji nayo yakawa meupe, kwa sababu bakteria wala mizoga huzaliana haraka kuliko wale wanaosubiriwa. Ni katika hali hiyo mama mkwe alipowasili kutoka Tanga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, baba. Hilo sanduku la nini?”

“La samaki, mama.”

“Wako wapi?”

“Bado hawajaja.”

“Na huyo aliyefungwa kwenye soksi?”

Mhasibu alianza kueleza habari za nitriti, na kila alivyoeleza ndivyo mama mkwe alivyozidi kuivuta kanga yake mabegani. Kamba alipokwisha, ukaanza utaratibu wa kunyunyiza chembe za chakula cha samaki kila asubuhi juu ya maji yasiyo na kiumbe. Mwanamume anayelisha maji alfajiri, kimya kimya, kabla ya kwenda kazini, haelezeki kirahisi popote, sembuse kwa mtu wa Tanga.

Jioni ilikuwa zamu ya vipimo. Matone hutiwa kwenye kichupa, rangi ikalinganishwa na kadi: amonia huanza njano ikaelekea kijani, nitriti huanza samawati ikaishia zambarau. Miraba ya kadi hutofautiana kwa imani tu. Mhasibu alisoma 0.5, mkewe akasoma 1, mtoto wa darasa la pili akashangilia kuwa ni Yanga, na shemeji, shabiki wa Simba aliyejizoesha kupitia pale saa za chakula, akakataa kabisa kushiriki. Zambarau ilipotokea wote walikubaliana, na ilikuwa habari mbaya. Nitriti huingia kwenye damu ya samaki ikaizuia kubeba oksijeni. Damu hugeuka kahawia, na samaki akatweta juu ya maji yenye hewa tele. Kwa bahati hakukuwa na samaki wa kutweta.

Vipimo vya pH navyo vilikuwa na mkosaji wake: mchanga ulikuwa wa ufukweni, umejaa vipande vya matumbawe. Matumbawe ni chokaa, nayo hupandisha ugumu wa maji na pH. Joto likiwa nyuzi 28, sehemu ya amonia iliyo sumu hasa huwa karibu mara kumi zaidi kwenye pH 8 kuliko kwenye pH 7. Mipango yote ilikuwa imejengwa juu ya neon tetra, samaki wa Amazon wanaotaka maji laini yenye pH ya chini. Kuchota tena mchanga ule kulimkatisha tamaa kuliko kubadili samaki, kwa hiyo akageukia sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ambako pH hukaribia 9.

Usiku mmoja Luku ikaisha. Chujio likanyamaza, na bakteria wanaoishi ndani yake wanahitaji oksijeni sawasawa na samaki. Simu ya kununulia umeme nayo haikuwa na chaji. Jirani akagongewa, na mpaka tarakimu zote ziingizwe bila kukosea, watoto walikuwa wamesimama gizani wakichota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina humo humo ili yapate hewa.

Lakini pigo lenyewe lilikuja mchana kweupe. Mhasibu alirudi kutoka kazini akalikuta chujio linang’aa. Mama mkwe, kwa huruma tu, alikuwa amezitoa sponji zote, akazifua kwa sabuni ya unga na maji ya bomba, akazianika juani.

“Zilikuwa chafu mno, baba.”

Ule ute wa kahawia alioufua ndio uliokuwa mali yote. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Wengi hujishikiza kwenye sponji, mchanga na mawe, na sponji husuuzwa kwa maji yaliyotoka ndani ya tangi lenyewe. Mtu aliyelelewa vizuri hamfokei mama mkwe.

“Ahsante sana, mama,” alisema mhasibu, akaenda kusimama uani.

Wokovu uliletwa na bodaboda: sponji kuukuu, imelowa, imefungwa kwenye mfuko, zawadi ya mfanyakazi mwenzake anayefuga samaki kwa miaka. Mama mkwe aliupokea mfuko, akaunusa, akauweka mbali na jiko. Sponji ilipoingizwa kwenye chujio, kazi iliyokuwa ianze upya ikapata watumishi wenye uzoefu, na baada ya muda mfupi amonia na nitriti zikawa zinasomeka sifuri hata kwa mke wa mhasibu.

Sikilidi aliowanunua ni wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, kama yale ya Neothauma yaliyotanda sehemu za sakafu ya ziwa lao. Mhasibu alikuwa amepanga makombe kwa safu, katikati akaweka ngome ya udongo, na mchanga ameusawazisha kwa rula. Kulipopambazuka mchanga ulikuwa umehamishwa kwa midomo, makombe yamezikwa hadi shingoni, ngome imelala ubavu, na kona moja imechimbwa mpaka kioo kikaonekana. Alipoingiza mkono kurekebisha, dume lisilozidi sentimita nne lilimrukia kidole, likamng’ata, likarudi tena na tena mpaka alipoutoa. Siku hizi anatumia kijiko cha mpini mrefu, na robo ya maji huibadilisha kila Jumamosi kwa mpira, akiwa amesimama mbali.